Mwenye Ulemavu wa Akili na Haki ya Mwili Wake

Somo letu la leo limetokana na swali tuliloulizwa Tuwan, mtaa wa watu wa kipato kidogo ulio ubavuni mwa mji wa Kitale, huko Trans Nzoia. Wafanyabiashara wetu wa pwani wanaoifikia nchi ile wanaijua. Iko juu, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa ajute kuliacha blanketi lake nyumbani. Na mahindi yake hulisha miji ya mbali. Nyumba za Tuwan zimebanana, njia zake nyingi ni za udongo, na mvua ikinyesha mtu huchagua pa kukanyaga. Twayataja haya mapema kwa sababu yatatuhusu mbele.

Muulizaji alikuwa kijana wa kuheshimika, mwenye duka dogo. Alingoja mpaka watu wakatawanyika baada ya sala ya Isha, ndipo akasema: "Shekhe, ninaye kaka yangu mkubwa, mtu wa miaka thelathini na minne, lakini akili yake ni ya mtoto mdogo. Mama amemweka mlangoni juu ya kigoda tangu alipomaliza shule yake ya watoto wenye ulemavu, na kila kitu twamtendea sisi. Haendi popote. Jirani yetu ameniambia kuwa twamdhulumu. Mimi naona twamrehemu, kwani hata sala hakulazimishwa. Ni nani kati yetu asemaye kweli?"

Asubuhi yake tulikwenda kumwamkia huyo kaka. Tulimkuta pale pale mlangoni, amevaa kanzu safi, amepakwa mafuta, na mbele yake pana bilauri ya chai na vipande vya mkate. Kwa usafi na shibe hakupungukiwa na kitu. Lakini alipoinuka kutupa mkono alishika mwimo wa mlango, na alipouvuka ule uzingiti mdogo wa nyumba alihema kama mtu aliyepanda mlima. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mama yake akatuambia kuwa alipelekwa zahanati akapimwa, akaambiwa ana kisukari na shinikizo la damu. Na akili yake ni ile ile ya utotoni, haikuzidi wala haikupungua. Kilichoharibika ni mwili, na mwili huo ulikuwa mzima.

Jibu tulilompa kijana yule ni kwamba jirani amesema kweli. Na kwa kuwa twajua nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina kigoda kama kile, tumeona ni wajibu kulieleza jibu hilo hapa kwa urefu.

Kwanza tutengeneze maneno. Lugha yetu ina majina mengi ya kumwita mtu wa namna hii: punguani, taahira, zuzu, juha; na yote yamekuwa matusi ya kutupiana barazani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imempa kila mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Basi twasema mtu mwenye ulemavu wa akili, yaani yule ambaye tangu utoto wake uwezo wa kufahamu, kujifunza na kujiendeshea mambo ya kila siku uko chini sana ya wenziwe. Huyu si mwenda wazimu. Mwenye wazimu akili yake ilikuwa sawa ikaingiwa na maradhi, na huenda ikatengenea kwa matibabu. Huyu wetu amekua hivyo na atazeeka hivyo. Sababu zake ni nyingi. Wengine ni umbile, kama wenye hali ya Down, ambayo mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenziwe huko Ufaransa walibainisha kuwa yatokana na kromosomu moja ya ziada. Wengine walikosa pumzi saa ya kuzaliwa. Wengine walipatwa na homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda ubongoni.

Wala asidhani mtu kuwa hao ni wachache wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti uliofanywa hapa hapa pwani, Kilifi, juu ya watoto wa miaka 6 hadi 9. Ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000, watoto 61 walikuwa na udhaifu wa wastani au mkubwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na katika hesabu hiyo watoto 31 kwa kila 1,000 udhaifu wao ulikuwa katika ufahamu. Sasa na tuhesabu miaka. Watoto wale leo ni watu wazima, wamekwisha kupita miaka ishirini na mitano. Wamemaliza shule, kama walipata shule. Wako wapi? Hatuwaoni sokoni, hatuwaoni msikitini, hatuwaoni harusini. Walio hai wengi wao wako nyuma ya pazia, wamekaa.

Kukaa huku ndiko tunakotaka kukuzungumza. Mwili wa mwanadamu umeumbwa kwenda, na ukizuiliwa kwenda hulipiza. Chukua mfano wa sukari. Chakula tulacho huingia katika damu kikiwa sukari, na mlaji mkubwa wa sukari hiyo ni misuli, hasa misuli ya mapaja na miguu. Misuli ikifanya kazi huifungulia sukari mlango ikaingia. Misuli ikilala, mlango hufungika, na sukari hubaki katika damu ikiharibu macho, figo na vidole vya miguu. Mifupa nayo hupata nguvu kwa kubebeshwa uzito wa mwili, na mtu asiyesimama mifupa yake huwa myepesi ya kuvunjika. Matumbo husaidiwa na mwendo, na wengi wa hawa wakaao kutwa hufunga choo siku nyingi. Na kwa kuwa mwenye ulemavu wa akili huenda asiweze kusema kuwa tumbo lamuuma, atapiga kelele au atajipiga kichwa, nasi tutasema amepandwa na wazimu.

Hapo huanza duara lenye hatari ambalo tumeliona kwa macho yetu katika nyumba zaidi ya moja. Mtu amekaa mchana kutwa. Usiku usingizi hauji, kwani hakuchoka. Asipolala hupiga kelele, na watu wa nyumba, wenye kazi asubuhi, hawalali. Humpeleka kutafutiwa dawa ya kumtuliza. Baadhi ya dawa hizo huongeza njaa na uzito, na humfanya mtu awe mzito wa kuinuka. Basi kesho hukaa zaidi ya jana, na usiku hulala kidogo zaidi. Hatusemi dawa hizo ni mbaya, maana wako wanaozihitaji kweli kweli, wala asiziache mtu bila ya idhini ya daktari. Twasema tu kwamba kabla ya kumtafutia mtu dawa ya usingizi, ni haki yake kuulizwa leo ametembea hatua ngapi.

Wala jambo hili si la Tuwan pekee. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 15 zilizochunguza mwendo wa mwili wa watu wazima wenye ulemavu wa akili, jumla yao watu 3,159. Waliofikia kile kiasi kidogo kabisa cha mwendo ambacho matabibu wanakitaka kwa mtu mzima walikuwa asilimia 9 tu. Yaani katika kila watu kumi na mmoja ni mmoja tu aliyekifikia.

Ni kipi basi kiasi hicho? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwatengea watu wenye ulemavu fungu lao kwa mara ya kwanza, na likasema kuwa mtu mzima mwenye ulemavu yampasa kile kile kimpasacho mwenziwe: dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, pamoja na kazi ya kuitia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Mwendo wa kadiri ni ule ambao mtu aweza kuzungumza akiufanya lakini hawezi kuimba. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Na wakasema pia kuwa asiyeweza kukifikia kiasi hicho afanye kadiri awezavyo, kwani kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Msomaji ataona kuwa hapa hapakutajwa kiwanja, wala mashine, wala mwalimu wa michezo. Nusu saa hiyo yaweza kuwa ni kwenda dukani na kurudi, kufagia ua, kuteka maji, kufua, kupepeta, kupanda ngazi. Wazee wetu wa kike waliokuwa wakitwanga na kukuna nazi hawakuhitaji kuambiwa habari ya dakika 150. Na huko Trans Nzoia, kuanzia Oktoba mahindi yavunwapo, kazi hazina mwisho: kuyabeba, kuyapukuchua, kuyaanika juu ya turubai, kuyageuza, kuyakusanya mbio mbio wingu linapojitokeza. Kazi hizi zote zamfaa mtu ambaye akili yake haikuchukua hesabu wala maandishi. Ajabu ni kwamba katika nchi ile ile yenye kusifika kwa wakimbiaji wake, na katika nyumba ile ile yenye kazi ya kuwashinda watu, yuko mtu mmoja mwenye mikono miwili na miguu miwili, naye amekatazwa kuitumia.

Nani amemkataza? Tukiuchunguza moyo wetu tutakuta mambo manne, na hayalingani uzito.

Liko la aibu. Watu wamecha kuonekana na mtoto wao, wakidhani kuwa atawaharibia dada zake posa. Hili hatuna la kulisema ila kwamba ni baya.

Liko la haraka, na hili ni letu sote. Kumvalisha mtu viatu ni dakika moja. Kumngoja avae mwenyewe ni dakika kumi. Kuchota maji mwenyewe ni upesi. Kumngoja yeye achote, amwage nusu, arudi tena, ni nusu ya asubuhi. Basi twamfanyia. Na kwa kumfanyia kila siku kwa miaka ishirini twamsahaulisha hata kile kidogo alichofundishwa shuleni. Walimu wa watoto hawa hufanya kazi kubwa, kwani kumfundisha mmoja wao kufunga vifungo vya shati huenda kukachukua mwaka mzima. Kisha humaliza shule akarudi nyumbani, na elimu ile yote hufa juu ya kigoda.

La tatu ni hofu, na hofu hii yataka kuheshimiwa. Pikipiki za bodaboda hazimngoji mtu mzito wa kufahamu. Watoto wakorofi humfuata na kumtupia mawe. Amma mwanamke mwenye ulemavu wa akili, wako waovu wanaomvizia wakijua kuwa hataweza kushitaki, na mama amfichaye binti yake kwa hofu hiyo asilaumiwe na mtu ambaye hakumpa msaada wowote. Lakini dawa ya hofu hii ni kumpatia mtu wa kwenda naye. Kumfungia hakumwondolei waovu, kwani wengine wao huingia hata majumbani, na aliyefungiwa hana jirani wa kumshuhudia.

La nne ni lile alilolitaja kijana wetu: kwamba hana taklifu. Hapa ndipo palipo na kosa la elimu, na ndiyo sababu ya kulileta suala hili katika darsa. Ni kweli kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili, na mafakihi wamemwingiza humo yule ambaye upungufu wake umemfanya asiweze kupambanua. Lakini kalamu iliyoinuliwa ni ya kumwandikia makosa. Haki zake hazikuinuliwa. Chakula chake ni wajibu wa walii wake, mavazi yake ni wajibu, matibabu yake ni wajibu. Na ikiwa mwendo umekuwa ni sehemu ya matibabu, vipi uwe nje ya wajibu? Tumelichukua neno la kumpunguzia mzigo tukaligeuza kuwa ruhusa ya kumwacha.

Na katika Sahihi Muslim iko habari aliyoipokea Anas, ambayo twashangaa haisomwi mara kwa mara katika mimbari zetu. Mwanamke mmoja wa Madina, ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu, alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume akamwachia mwanamke mwenyewe achague njia aitakayo katika njia za mji, naye atakwenda amtimizie haja yake. Akafuatana naye kando katika njia mojawapo mpaka alipomaliza. Haikutajwa ile haja ilikuwa ni nini. Lakini twaona mambo mawili yaliyo wazi: mwanamke yule alikuwa akitembea mjini, watu wakimjua; na aliyekuwa na shughuli kuliko watu wote hakumwambia akae angoje nyumbani. Na aliyechagua njia ni yeye mwanamke.

Kuchagua huku kuna faida hata kwa upande wa kazi tunayoizungumza. Mtu aliyekaa miaka kumi hatainuka kwa kuamrishwa, na ukimvuta atakaa chini njiani kama punda wa Lamu aliyechoka, na utamrudisha nyumbani kwa aibu. Huanzwa kwa kile akipendacho. Mmoja hupenda kutazama magari, mwingine kuku, mwingine hupenda kuamkiwa na fundi cherehani fulani. Basi hicho ndicho kiwe kituo cha safari. Siku za kwanza ni mpaka kwenye kona na kurudi. Saa iwe ile ile, njia ile ile, na mwenziwe yule yule, kwa kuwa watu hawa hutulizwa na mazoea na kufazaishwa na mageuzi. Kazi ikatwe vipande vidogo: leo ashike tu mtungi mtupu, juma lijalo abebe wenye maji kidogo, baadaye ndipo afundishwe kufungua bomba. Maneno yawe machache, na mkono uonyeshe kabla ya ulimi. Akikosea asichekwe. Akipatia aambiwe mbele ya watu, maana furaha ya kusifiwa wanaijua kama sisi, na pengine kuliko sisi.

Yako pia ya kujihadhari nayo. Anayetaka kumwanzisha mtu aliyekaa siku nyingi ampeleke kwanza kwa daktari apimwe moyo, sukari na shinikizo la damu. Mwenye hali ya Down aangaliwe zaidi: karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, misuli yao ni milegevu, na wako ambao viungo vya mifupa ya shingo vimelegea, hao wasipindue kichwa wala wasibebe mzigo kichwani. Tezi ya shingo nayo huwasumbua wengi wao, ikawafanya wazito na wachovu, na watu wakadhani ni uvivu, kumbe dawa yake ipo. Mwenye kifafa, na ugonjwa huu hufuatana sana na ulemavu wa akili, atembee na afanye kazi, lakini asiachwe peke yake penye moto, kisima au bahari. Mwenye kisukari asiende pekupeku, hasa katika tope la Tuwan lenye vigae na misumari, na vidole vyake vitazamwe kila usiku.

Watu wameuliza juu ya michezo. Iko michezo iliyoanzishwa kwa ajili ya watu hawa, iitwayo Special Olympics, ambayo mashindano yake ya kwanza yalifanywa Chicago mwezi wa Julai mwaka 1968. Mwezi wa Machi mwaka 2019 mashindano yake ya dunia yalifanywa Abu Dhabi, yakiwa ya kwanza katika nchi za Mashariki ya Kati, na vijana wa Kenya walikuwamo, kama walivyokuwamo Berlin mwaka 2023. Ni jambo jema, na mzazi apataye nafasi ya kumwingiza mwanawe asisite. Lakini mashindano ya dunia ni ya wachache walioteuliwa, na huja baada ya miaka. Mtu wa kigodani anaihitaji nusu saa yake Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano.

Tulikubaliana na yule kijana wa Tuwan kwamba aanze na maji. Daktari alimpima kaka yake, akampangia dawa, akaruhusu. Ukanunuliwa mtungi mdogo wa lita 5, wa rangi ya manjano kwa kuwa ndiyo aipendayo, na viatu vya raba. Siku ya kwanza hawakufika mahali pa kuteka maji; alikaa chini njiani, watoto wakacheka, na kijana akatupigia simu jioni kusema kuwa ameshindwa. Tulimwomba avumilie juma moja, naye akavumilia. Siku ya tano fundi mmoja wa viatu mwenye kibanda njiani alimwamkia kaka kwa jina lake, na tangu siku hiyo kibanda kile kikawa kituo.

Juma lililopita tumeletewa ujumbe kutoka Tuwan. Kaka huenda kuteka maji mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya Alasiri, uvimbe wa miguu umepungua, usiku hulala. Mahindi ya jirani yalipoanikwa alipewa kazi ya kuyageuza kwa mikono, akaifanya siku tatu, naye jirani akampa debe moja, ambalo alikataa lisipikwe mpaka kila mtu wa nyumbani amelitazama. Mama analalamika kuwa raba zimekwisha kuharibika kwa tope na zataka kununuliwa nyingine. Na kijana ambaye zamani alikuwa akimwinua kaka yake kigodani, sasa ndiye anayeamshwa na kaka kabla ya chai, mtungi wa manjano ukigongwa mlangoni.